Kitambaa cha Wifi

Zakia alipofuma kile kitambaa hakuwa na nia ya kuua kompyuta ya mtu. Nia yake ilikuwa kumkata mtu maini. Kompyuta ilijikuta tu katikati.

Mtu mwenyewe alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake Abdulrahim, na usidhani alikuwa na kosa kubwa. Kosa lake lilikuwa kuolewa. Alizaliwa Ndeshi, binti wa Kimeru kutoka Tengeru, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Akaja kusomea kompyuta mjini, Abdulrahim akampenda, akasilimu, akaitwa Siwema. Mtaa mzima wa Bondeni ulimwita Siwema. Zakia naye alimwita Siwema mbele za watu. Wakibaki wawili jikoni alimwita Ndeshi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayekukumbusha kwamba nguo uliyovaa ni ya kuazima.

Na lazima ujue Zakia alikuwa nani katika nyumba ile. Mama yao alipofariki, Abdulrahim alikuwa bado analishwa uji. Zakia ndiye aliyemlea, kwa vitumbua alivyochoma mlangoni, mpaka zama za ruksa zikaingia na watu wakaanza kwenda Dubai kama wanavyokwenda sokoni Kilombero. Abdulrahim akaenda akarudi na redio, akaenda akarudi na vitenge, mwisho akarudi na kompyuta. Mwanamume mzima, ana duka, ana ndevu, lakini dada yake akikohoa yeye huweka kikombe chini. Zakia mwenyewe alikuwa ameolewa Kondoa, akaachika, akarudi na binti mmoja, Salha. Sasa Salha alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakuwa ya kusomwa kwa sauti. Kile chumba cha mbele kinachotazama barabara, Zakia alishakipanga moyoni kuwa cha Salha. Abdulrahim akakifanya ofisi ya kuchapa na kuchapisha, akampa mkewe.

Hapo ndipo Zakia alipotafuta uzi.

Siku ya kufungua ofisi ilisomwa dua. Ilikuwa Juni, baridi ile ya Arusha ya kuvaa sweta mbili, na wageni walivua viatu mlangoni wakasimama na soksi zao, maana siku zile chumba cha kompyuta kiliingiwa kama msikiti. Dua ilipokwisha Zakia alinyanyuka, akatoa mfuko wa rambo, na ndani ya mfuko akatoa kitambaa. Kilikuwa cha kijani na cheupe, kimefumwa kwa sindano ya kulabu, kina matamvua pande zote, na nyuma amekirefusha makusudi ili kifunike zile nyaya zinazoning'inia. Katikati alitarizi kwa uzi mwekundu: MGENI NI KUKU MWEUPE.

Wanawake wakapiga vigelegele. Ni nani asiyejua kwamba chombo cha maana hakikai uchi? Televisheni ina kitambaa chake, redio ina chake, hata friji iliyokufa ina chake. Zakia akakitandika juu ya lile kasha la kompyuta lililosimama mezani, akakivuta huku na huku, akarudi nyuma kukitazama.

Siwema aliyasoma yale maneno. Akajua kuku mweupe ni nani.

"Ahsante, wifi," alisema. "Umejisumbua."

"Nimejisumbua kitu gani, mke wa mdogo wangu? Kisitoke hapo tu."

Kisitoke hapo. Yashike maneno hayo, maana yalisemwa mbele ya shehe na mbele ya mume, na katika nyumba ile neno la Zakia likishasemwa mbele ya watu ni kama msumari uliokwisha kuzama. Siku moja Siwema alikunja ule mkia wa nyuma ili achomeke waya wa printa. Zakia alikuwa amekaa mlangoni na chai yake, kama alivyokaa kila asubuhi, na wateja walikuwepo. "Naona zawadi yangu inakuwasha, wifi," alisema, na akacheka ili wateja nao wacheke. Siwema akaushusha mkia.

Miezi ya baridi ilipita salama. Siwema alichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule, na jina lake likaanza kutajwa mpaka Kaloleni. Abdulrahim alianza kuoga mapema na kupita ofisini kabla ya dukani, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe, akatazama vidole vyake vinavyokimbia bila yeye kuviangalia. Zakia aliyaona hayo yote, na yalimchoma.

Kisha jua likarudi. Oktoba iliingia na vumbi lake, na mchana mmoja kompyuta ikaanza kuunguruma. Ilianza kama nyuki, ikawa kama mashine ya kusaga, halafu kimya. Kioo cheusi. Kazi yote ya asubuhi, ambayo Siwema alikuwa hajaihifadhi, imekwenda na maji.

Walianza kulaumu umeme, maana umeme siku zote una kesi ya kujibu. Ikanunuliwa stabilaiza ya kutuliza umeme. Mashine ikazimika nayo ikiwa imechomekwa humo humo. Wakasema basi ni virusi, akaja jamaa na diski zake, akasafisha, akaisifu kazi yake, akaondoka, na adhuhuri mashine ikanguruma ikazimika. Ndipo alipoitwa Philemoni.

Philemoni alikuwa kijana wa Kimachame, mpole, mwenye karakana yake karibu na stendi. Alifungua kasha, akakuta vumbi jekundu limelala humo kama unga wa ulezi. Akalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kisha akasukuma kwa kidole ile feni ya nyuma, ile inayopoza, na ikazunguka kwa uvivu, ikasimama. "Huyu hapa," alisema. "Feni ikichoka, moto unabaki ndani, na mashine inajizima yenyewe isiungue." Akaidondoshea tone la mafuta ya cherehani. Akaichukua mashine karakana kwake, akaiwasha kutwa nzima, ikafanya kazi kama saa. Akairudisha. Siwema akaiweka mezani, Zakia akatandika kitambaa chake, na adhuhuri mashine ikazimika.

Philemoni akanunua feni mpya kabisa. Kwake ikaenda vizuri tena. Bondeni ikazimika tena, na safari hii ilizimika na wasifu wa marehemu, watu wako na jeneza mlangoni mwa kanisa wanasubiri karatasi. Ndugu wa marehemu alimtukana Siwema pale pale akiwa na soksi.

Sasa swali lililobaki lilikuwa zuri, na lilimkosesha Philemoni raha: kwa nini mashine kwake ni nzima na kwao ni mgonjwa? Lakini Zakia hakumsubiri fundi. Alikuwa na jibu lake, na alilipeleka bombani ambako wanawake hujaza ndoo.

"Kwa fundi inakwenda," alisema. "Kwa yule haiendi. Feni ni mpya. Sasa nyie niambieni, kibovu ni feni au ni mkono?"

Wakaguna.

"Mkono haushiki kitu," Zakia aliendelea, akifunga kanga vizuri, "tumbo halishiki kitu. Mimi sisemi neno. Nauliza tu."

Siwema alikuwa amepoteza mimba mara mbili. Mara ya pili Zakia mwenyewe ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akijua kila kilichotoka. Na bado aliyasema hayo bombani, na aliyasema kwa raha. Nuksi ni neno jepesi kutamka. Haukupita muda wateja wakaingia ofisini wakiuliza kama yule binti mwingine, Salha, ambaye Siwema alikuwa anamfundisha kuchapa, yupo.

Maneno yakamfikia Abdulrahim, kama yalivyotumwa. Jioni moja alimwambia mkewe, mbele ya dada yake, huku akitazama bakuli la mchuzi: "Ikizimika tena mbele ya mteja wa maana, chumba nakifunga. Na wewe utakwenda kwenu Tengeru ukapumzike."

Siwema aliacha kula. Kila mwanamke anajua maana ya kupumzika. Zakia naye alipelekwa hivyo hivyo kupumzika kutoka Kondoa, na talaka ikamfuata na basi la kesho yake. Ungedhani kwa kukumbuka hilo angemwonea mwenzake huruma. Alichukua kipande kingine cha nyama.

Philemoni alirudi bila kuitwa. Siku hiyo Siwema alikuwa amekwenda hospitali kwa matatizo yake ya tumbo, na ofisini walikuwa Salha, anajifunza kuchapa, na mama yake mlangoni na kikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Leo umeleta feni gani tena?"

"Sikuleta kitu. Nimekuja kuitazama hapa hapa inapougulia."

Akavua viatu, akavuta kigoda, akakaa. Hakutoa bisibisi. Alimwambia Salha aendelee tu kuchapa, naye akasikiliza. Jua lilipogeuka likaingia dirishani, ile sauti ikaanza. Philemoni akapeleka kiganja juu ya kasha, ubavuni, kisha nyuma, na huko nyuma mkono wake ukatulia. Mkia wa kitambaa haukuwa umening'inia. Ulikuwa umenyonywa, umegandana na vile vitundu vya feni.

Akaunyanyua kwa vidole viwili. Sauti ikashuka. Akauachia, ukarudi kuganda, na baada ya muda mashine ikaanza kulia tena. Akaunyanyua, ikanyamaza. Alirudia hivyo kwa utulivu mpaka akaridhika, na alipogeuka alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

"Mama, ni hiki. Feni hii inavuta hewa kutokea huku nyuma. Mmeiziba pua. Kwangu haiugui kwa sababu kwangu haina kitambaa." Kisha akakumbuka kwamba kitambaa kina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu mzima aliyekaa mbele yake. "Samahani, mama. Ni kizuri sana. Basi tu kikae mahali pengine."

Cha kwanza Zakia alichohisi kilikuwa aibu, na ilikuwa aibu ya kweli. Lau wakati ule Siwema angeingia, pengine mambo yangekwisha kwa kicheko. Lakini Siwema hakuingia, na aibu ikapoa, na nyuma yake ikaja furaha, na Zakia hakuikataa.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Wewe usihangaike kumwambia mtu. Kitambaa ni changu. Wifi akirudi nitamweleza, na nitakitoa kwa mkono wangu."

Philemoni alishusha pumzi. Nani anapenda kumshtaki mama wa watu kwa zawadi yake? Tena ujumbe ukiachiwa mkubwa wa nyumba ndiyo adabu. Alikuwa ameitwa kwenye hoteli moja huko Momela kufunga mashine, asingeonekana mjini kwa muda. Akavaa viatu akaenda zake na moyo mweupe.

Zakia akasimama. Akaushusha mkia, akaunyoosha, akapanga matamvua moja moja.

"Mama," alisema Salha, "si amesema kwamba..."

"Amesema nini?"

Salha akageukia kioo.

"Chumba hiki unakitaka au hukitaki?"

Binti alitazama herufi chini ya vidole vyake. "Nakitaka."

"Basi hukusikia kitu."

Mteja wa maana alikuja Jumamosi, mwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani, na kazi ndefu ya kurasa nyingi. Siwema aliichapa akiwa na jasho juu ya mdomo. Alikuwa ameshajifunza kuhifadhi kazi kila baada ya mistari michache, lakini mashine ilizimika katikati ya kuhifadhi, na ilipowashwa faili lilikuwa uchafu mtupu. Yule bwana hakutukana. Alichukua karatasi zake, akavaa viatu, akaenda kwa Abdulrahim dukani kumwambia kwa upole kwamba angetafuta kwingine. Upole ule ulimwumiza Abdulrahim kuliko tusi.

Baada ya alasiri aliwakusanya wote mle ofisini. Alisimama. Zakia alikaa kwenye kiti cha wageni, Salha ukutani, Siwema mbele ya kioo cheusi.

"Nilisema nini?" aliuliza.

"Ulisema," alijibu Siwema. "Lakini na mimi nina neno. Nimeichunguza mwenyewe. Juzi wifi aliposhinda sokoni nilikunja kitambaa kutwa nzima, mashine haikulia. Aliporudi akakishusha, ikalia. Naona kinaziba feni."

Zakia hakujua kwamba yule mwanamke alishafika mbali hivyo peke yake. Kisha akafanya kile alichokijua kuliko kufuma. Akalia.

"Kitambaa changu," alisema. "Abdu, nimefuma macho yakiniuma. Nimefuma kwa ajili ya nyumba yako. Leo mimi ndiye mchawi wa mashine."

"Sijasema mchawi, wifi. Tujaribu tu. Tukitoe, tuiwashe, tukae hapa mpaka magharibi. Ikizimika mimi mwenyewe nitafunga mzigo."

Lilikuwa ombi dogo. Mtoto angelikubali. Abdulrahim alitazama kitambaa, na Zakia aliona jinsi mkono wake ulivyoanza kunyanyuka.

"Kitoe," alisema Zakia. "Kitoe, mwanangu. Na ukishakitoa unitoe na mimi, maana tuliingia pamoja."

Alimwita mwanangu. Alikuwa hajamwita hivyo tangu alipobalehe. Mkono wa Abdulrahim ukarudi chini.

"Salha," alisema, "wewe unashinda humu. Umeona nini?"

Siwema aligeuka kumtazama binti. Alikuwa amemfundisha kila herufi, alikuwa amemshonea sare ya mwisho ya shule. Salha alitazama ukuta wa pili.

"Sijaona kitu, mjomba."

"Umesikia?" Abdulrahim alimwambia mkewe, na sasa hasira yake ilikuwa imepata pa kukaa. "Mashine imekushinda, unamtupia dada yangu. Aliyenilea. Kwa kitambaa." Akanyoosha kidole. "Kitambaa hiki hakitatoka hapo maadamu niko hai. Kila anayeingia akione, ajue ni cha nani. Wewe nenda kapumzike."

Siwema aliondoka asubuhi na begi moja. Alipita jikoni kuaga. "Shikamoo, wifi," alisema. Zakia alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, na marahaba hakuitoa. Talaka ilipelekwa Tengeru kabla ya mwezi kuandama.

Basi Zakia akapata alichokitaka. Salha akakalia kiti. Asubuhi ya kwanza mama mtu alifungua chumba mapema, akaingia peku, akashika kile kitambaa kwa mikono miwili akitoe akakitandike juu ya kabati, mambo yaishe. Alikuwa amekwisha kukinyanyua aliposikia funguo za Abdulrahim zikilia nyuma yake.

"Unakipeleka wapi, dada?"

"Nakikung'uta vumbi."

"Ahaa." Akakichukua kwake, akakikung'uta mwenyewe mlangoni, akakirudisha, akaunyoosha mkia wa nyuma kwa kiganja. "Jana nimewasimulia msikitini. Kila mtu amesikitika. Kuna watakaokuja kukiona."

Na walikuja. Wazee wa msikiti, wake zao, majirani, wanavua viatu, wanatazama, wanatikisa vichwa. Abdulrahim alikuwa amemfukuza mke kwa ajili ya kitambaa, na mtu akishafanya hivyo inabidi kitambaa kiwe kitu kikubwa. Kila asubuhi alipita kukikagua kabla ya kwenda dukani. Zakia hakuwa mjinga. Alielewa siku ile ile kwamba akikitoa, ataulizwa kwa nini, na jibu liko Tengeru.

Akaanza maisha ya kuvizia. Mdogo wake akienda dukani, anaukunja mkia. Funguo zikilia barabarani, anaushusha. Mgeni akibisha hodi, anaushusha. Chai yake ikapoa kikombeni siku hadi siku, masikio yako nje, macho yako nyuma ya lile kasha. Salha alichapa bila kusema neno. Tangu siku ile ya ukuta alikuwa hasemi mengi na mama yake.

Kutoka Tengeru habari zilifika na wanawake wa ndizi. Siwema, ambaye sasa waliomjua walimwita Ndeshi tena, alikuwa amepata kazi ya kuchapa kwenye duka moja karibu na soko. Mashine haijazimika hata siku moja. Zakia alisikia, akasema Mungu amsaidie, akabadilisha mazungumzo.

Kisha ikaja posa ya Salha, na furaha ikarudi nyumbani. Kijana aliitwa Nasri, fundi magari mwenye gereji yake Ngarenaro, mtoto wa watu, anaswali. Salha alimpenda. Huyu binti aliyekuwa amefunga mdomo alianza kuimba akifagia, na siku moja alimwegemea mama yake begani bila sababu. Zakia alikaa bila kujitikisa muda mrefu ili asimwondoe. Hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya ndoa ile.

Shangazi yake Nasri ndiye aliyekuja kumtazama mwari. Alikuja Februari, mchana wa jua kali, mwanamke mnene mwenye maneno machache, na Abdulrahim alimpokea yeye mwenyewe. Hakumpeleka sebuleni. Alimpeleka ofisini, amwone binti akiwa kazini, tena akione na kitambaa. Zakia alikuwa ameusikia mlio wa funguo, na mkia ulikuwa umeshashushwa.

Shangazi alisoma polepole yale maandishi mekundu. "Mgeni ni kuku mweupe," alisema. "Haya. Nimekaribishwa."

"Hapana, bibie, hiyo ni methali tu," alisema Zakia.

"Mwanangu," shangazi alimwambia Salha, "hebu niandikie majina ya watoto wangu kwenye hiyo mashine. Mambo yake nimeyasikia, sijayaona."

Salha akaandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya aliyemfundisha. Shangazi akasogea, akatabasamu mara ya kwanza, akataja jina la mjukuu, la mjukuu mwingine. Na mashine ikaanza. Kwanza nyuki. Zakia akasogea nyuma ya meza, kama anayepisha mgeni, akapeleka mkono nyuma. "Dada, kaa," alisema Abdulrahim, "umesimama tangu asubuhi." Akamvutia kiti. Zakia akakaa. Sasa ikawa mashine ya kusaga. Salha aliacha kuandika. Kioo kikawa cheusi.

Shangazi hakustuka. Aliongea bila ubaya, kama mtu anayepiga hesabu.

"Si ndiyo hii iliyomwondosha yule mke? Mlisema ni mkono wake. Lakini mimi hununua nyanya Tengeru, namwona. Yake inakwenda." Akamtazama Salha mikononi. "Basi nuksi haikuondoka naye. Imebaki humu humu."

Maneno yale yale ya bombani, kwa mizani ile ile: kule inakwenda, huku haiendi. Zakia aliyatambua kama mtu anavyotambua chungu alichokifinyanga mwenyewe.

"Mama," alisema Salha. Hakuinua sauti. "Kitambaa."

Wote wawili, Abdulrahim na shangazi, wakageuka. Kilikuwa hapo, kijani na cheupe, mkia umeganda nyuma. Kukivuta tu, mkono mmoja. Kukivuta na kusema, ni hiki, nilikijua, binti yangu hana nuksi. Abdulrahim alikuwa anamtazama dada yake, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho Zakia hakuwahi kukiona, kitu kama mtu anayeanza kukumbuka. Akaogopa. Alimwogopa mtoto aliyemlea, akaogopa Kondoa, akaogopa kuzeeka bila mlango wa kukaa na kikombe.

"Kitambaa kina nini, mwanangu?" alisema.

Na akanyoosha mkono, akayapanga matamvua.

Salha alimtazama hadi matamvua yalipokaa sawa.

"Una neno, Salha?" mjomba wake aliuliza. "Kama unalo, sema."

"Sina neno, mjomba." Aliiweka mikono yake miwili mapajani, viganja juu, akaitazama. "Itakuwa ni mkono wangu."

Shangazi alimaliza chai aliyokuwa ameandaliwa, kwa heshima, akaulizia viatu vyake, akaaga bila kuitaja posa. Abdulrahim alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi moja kwa moja dukani. Salha alikwenda uani kuanua nguo. Zakia alibaki amekaa mle ofisini, mkono juu ya kitambaa, na kilikuwa bado cha moto.